Emoro alikuwa mutu, ao alikuwa kipimo?



Katika mazungumuzo yetu kuna sentensi moja ambayo inarudia kila mara habari ya miili inapoguswa. Banasema: "Hiyo mambo ya kuonesha mutu haya juu ya mwili wake ni ya bazungu. Sisi huku, mutu munene tunamuheshimu." Na mara moja ushahidi unatolewa, na ushahidi ni ule ule: Pepe Kallé. Mutu wa karibu mita 2, kilo zilizopita 100 kwa mbali, waliyemwita Tembo wa muziki wa Zaire, na inchi nzima ikamupenda. Kama tungekuwa watu wa kudharau miili, yeye angepitia wapi?

Nimesikia ushahidi huo mara nyingi, na kila mara nashangaa kuona wanaoutoa wanakumbuka paka mutu mumoja kwenye jukwaa. Kumbe walikuwa wawili. Kando ya Tembo alikuwa Emoro, muchezaji mufupi sana, mufupi wa kuzaliwa, ambaye akisimama karibu na mwimbaji ilibidi kamera ichague nani wa kumukata: ao kichwa cha huyu, ao mwili muzima wa yule. Leo nataka kuandika juu ya hao wawili sawa vile mutu anavyoandika juu ya kitabu, juu naona onyesho lao linasema ukweli ambao ile sentensi yetu inauficha.

Kwa wadogo zetu ambao hawakukua na zile kaseti, maneno machache. Pepe Kallé jina lake ni Kabasele Yampanya, alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1951, wakati muji ungali unaitwa Léopoldville. "Kallé" alilichukua kwa heshima ya mwalimu wake, Joseph Kabasele, Grand Kallé, ule wa "Indépendance Cha Cha" ya 1960. Mwaka wa 1972, pamoja na Papy Tex na Dilu Dilumona, alianzisha Empire Bakuba. Katika miaka ya 80 kundi hilo likawa moja ya makubwa, siyo Kinshasa tu. Walizunguka Afrika, na watu wa Nairobi na Dar es Salaam wanamukumbuka ata leo. Sauti yake ilipanda juu bila kupasuka, tena ilikuwa na upole ambao mutu hakuutazamia kutoka kifua kikubwa vile. Mutu akikuambia Kallé alijulikana juu ya kilo zake, umwambie asikilize tena.

Lakini kilo zilikuwa sehemu ya kazi. Tukubali. Album moja aliita "Gigantafrique", mwaka wa 1990, na hakuna mutu aliyeuliza jitu lililosemwa ni lipi. Yeye mwenyewe alilipokea jina la Tembo na kulivaa. Na kwetu tembo si tusi. Tembo ni mukubwa wa pori, anapita na wengine wanatoka njiani. Ukimwita mutu tembo umemupa ukubwa wa chifu. Kuna kitu cha zamani hapo. Wakuba wa Kasai, ambao kundi lilibeba jina lao, siku ya sherehe kubwa wanamuvalisha mufalme vazi la shanga na simbi lenye uzito wa makumi ya kilo. Mufalme anakaa ndani yake kama mulima. Ata kama yeye mwenyewe ni mwembamba, siku hiyo anaonekana munene, juu ukubwa ni lazima uonekane, na kama mwili hauutoshi, nguo inaukamilisha. Hapo unaona ya kwamba unene tunaousifu haukuwa wa nyama. Ulikuwa wa kiti. Mukubwa ni munene kwa sababu ni mukubwa, siyo kinyume.

Ni kwa hao Wakuba vilevile kuna masiki iitwayo Bwoom, yenye paji la uso kubwa lililotokeza mbele. Masimulizi mengine yanasema ni Mutwa, mutu mufupi wa pori. Katika muchezo, Bwoom hakai kando ya masiki ya kifalme kuchekesha watu. Anashindana nayo. Anaingia kwa kiburi, anacheza kama mutu ambaye hakubali. Sisemi Kallé na Emoro walinakili masiki. Vijana wa Kinshasa walikuwa na mambo yao. Nasema wazo la mukubwa na mufupi kucheza pamoja ni la zamani kuliko gitare ya umeme, na katika lile la zamani mufupi alikuwa na neno lake.

Sasa muangalie video za Empire Bakuba. Tembo anaimba, jasho, kitambaa mukononi. Gitare zinaanza kukimbia. Emoro anaingia, na mbele ya kupiga hatua ata moja, watu wamekwisha kucheka. Nilirudia hapo mara nyingi. Kicheko kinafika mbele ya muchezo. Nyuma yake anacheza kweli, na anacheza vizuri: miguu inashika ngoma kwa nguvu, kiuno hakichelewi, na uso wake ni wa mutu anayejua kazi. Ukiwa na macho ya haki utaona muchezaji. Lakini watu wameshalipwa. Walichokuja kuona, walikiona alipotokea.

Wenye kumutetea Kallé wanasema, na wana haki kidogo: wakati ule watoto wafupi vile walifichwa ndani ya nyumba, wengine walisemwa ni uchawi, na huyu alipanda ndege, alivaa vizuri, alijulikana kwa jina wakati wapiga gitare wengi wa kundi lile hatuwezi kuwataja. Ni kweli. Mi siwezi kukaa Bukavu na kumwambia Emoro kwamba ingekuwa vizuri abaki kwao kwa ajili ya heshima. Mushahara ni heshima pia.

Ila kuna mutihani mumoja ambao haudanganyi. Uangalie kinachofanyika mutu akiondoka. Emoro alikufa mwaka wa 1992, kundi likiwa safarini Botswana. Nyuma yake walikuja wachezaji wengine, kati yao Jolie Bébé, naye mufupi vile vile. Nafasi haikutafutiwa muchezaji, ilitafutiwa urefu. Kallé alipokufa, mwisho wa Novemba 1998, moyo ulisimama, hakuna aliyesema: tutafute mwimbaji mwengine wa mita 2. Wazo lenyewe ni la kuchekesha. Watu walililia sauti. Hata huku Mashariki, ambako tangu Agosti ya mwaka ule tulikuwa chini ya RCD na Kinshasa ilikuwa kama inchi ingine, watu walimulilia mutu wa Kinshasa. Basi hapo njo tofauti kati ya mutu mwenye mwili na mutu ambaye ni mwili. Wa kwanza akikufa panabaki shimo. Wa pili akikufa wanatafuta mwengine wa kipimo kile kile.

Na ata yule wa kwanza hakuponyoka kabisa. Nilikuwa mutoto, lakini nakumbuka wakubwa kwenye parseli yetu wakisema mbele ya juma kuisha: "Ni kilo ndizo zilimuua." Wale wale waliomwita Tembo kwa furaha. Sifa iligeuka hukumu kwa siku chache, na hakuna aliyeona ajabu. Hii inanifundisha ya kwamba zile sifa hazikuwa zake. Aliazimwa.

Tuliache jukwaa, tushuke barabarani, juu mashtaka yangu si kwa Empire Bakuba. Ni kwa ile sentensi, "sisi tunamuheshimu mutu munene." Mutu munene gani? Mutu munene mwenye jeep, ndiyo. Anaitwa mukubwa, anaitwa bosi, kitambi chake ni kama stampi ya leta juu ya karatasi. Lakini mama munene anayetoka soko la Kadutu na mizigo yake, akisimamisha moto, anaambiwa: "Mama, weye utalipa ya batu babiri." Kwenye taxi, ambako tunakaa wanne nyuma kama sambaza kwenye beseni, watu wanaanza kuguna mbele hajafungua mulango. Mwingine anajidai anashuka hapo karibu. Mama yule analipa viti viwili na anakaa kwenye kimoja na nusu. Mwili ni ule ule. Ukiwa ndani ya gari yako ni heshima, ukiwa kwenye moto ya mwengine ni muzigo. Basi tusiseme tunaheshimu unene. Tunaheshimu franga, na unene tunauheshimu pale tu unaponuka franga.

Na mwembamba? Mwembamba huku kwetu hatukanwi, anahurumiwa kwa sauti kubwa, na hiyo ni mbaya zaidi juu huwezi kuijibu. Mi ni mwembamba tangu kuzaliwa, kama mama, kama bibi mzaa mama ambaye alikufa na miaka mingi na meno yake yote. Nimeolewa miaka 9. Katika miaka hiyo sijahuzuria kilio wala ndoa bila mutu kunishika mukono juu ya kiwiko, kupima kwa vidole, na kuniuliza: "Ulikonda hivi, bwana yako hakulishake?" Anauliza mbele ya bwana yangu. Yeye anacheka, lakini usiku anauliza kama nakula muchana. Muone vile swali linafanya kazi: halikuulizwa juu yangu. Mwili wangu ni karatasi ambayo watu wanasoma habari za bwana yangu, za mukwe wangu, za nyumba yetu. Ukinenepa nyuma ya ndoa, ni bwana anayepongezwa. Ukikonda, ni bwana anayeshtakiwa, ao wewe una ugonjwa ule.

Ugonjwa ule tunaujua sisi wote wa kizazi changu. Tangu SIDA ilipoanza kutajwa Zaire katika miaka ya 80, ata Kinshasa walipoifanyia mzaha kwamba ni maneno ya kuvunja moyo wapenzi, kukonda kulipata maana mupya. Zamani mutu mwembamba alikuwa na njaa. Sasa alikuwa na siri. Kisha vita vya 1996 na vya 1998, watu wakatoka porini mifupa inaonekana, na macho yetu yakazoea kuhesabu mbavu. Siwezi kuwadharau wamama wanaonipima kiwiko. Waliona mengi. Woga wao una sababu. Lakini sababu ya woga haifanyi jibu liwe la kweli.

Tena sisi wa Kivu, kati ya watu wote, tulipaswa kujua. Huku tuna neno letu, bwaki. Kila mutu aliyekulia Bushi anajua mutoto wa bwaki: nywele zinageuka nyekundu na laini, miguu inajaa maji, mashavu yanavimba, tumbo linatokea. Kwa mgeni anayepita njiani, yule mutoto anaonekana kama amenenepa. Mama yake anajua ya kwamba mutoto anakufa. Chakula kinachokosekana ni kile cha kujenga mwili, maharagwe, samaki, maziwa, na bugali peke yake ya muhogo haitoshi. Waganga na watafiti wa Lwiro walishugulika na bwaki tangu zama za Wabelgiji. Basi ni katika inchi ya bwaki ambako bado tunasema mashavu ya kujaa ni alama ya afya! Kuna mambo mutu anayajua kwa mutoto na anayasahau kwa bibi-arusi.

Nimesema bibi-arusi, na hapa njo nilikuwa naelekea tangu mwanzo.

Mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 24, naye mwembamba kama sisi wote. Alipoposwa, upande wa kijana walikuja kuona, wakala, wakanywa, wakafurahi. Wakati wa kuaga, mama mumoja wa kwao akasema kwa mzaha: "Mutoto ni muzuri, lakini kitenge tutakiegemeza wapi?" Watu wote walicheka, na sisi pia, juu ni adabu kucheka. Shangazi yetu hakusahau. Juma lililofuata alimuletea kinini ndani ya kikaratasi, zimenunuliwa kwenye farmasi ndogo ya kartye, bila munganga, bila jina lililoandikwa, moja asubui na moja mangaribi. Za kuleta hamu ya kula, alisema.

Kikaratasi kile kilikuwa na dawa mbili. Nilikuja kujua nyuma. Moja siproheptadini, dawa ya mzio, ya kuwashwa ngozi, ambayo inafanya mutu asikie njaa na usingizi. Ingine deksametazoni. Hii ya pili ni dawa nzuri sana pale munganga anapoitoa kwa sababu, na kwa siku anazozihesabu. Ukiimeza miezi bila mutu kukufuata, uso unajaa na kuwa mviringo kama mwezi, sukari na presha zinaweza kupanda, mifupa inalegea, mwili hauna nguvu ya kupigana na magonjwa. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi: mwili wenyewe unatengeneza kitu kama hicho kila siku ili uweze kuishi, na ukiona kinatoka inje, unaacha kukitengeneza. Kwa hiyo ukikatisha kinini gafla, unabaki bila cha inje na bila cha ndani.

Miezi mitatu. Mashavu yalikuja. Katika miezi hiyo mitatu sijasikia mutu mumoja kuuliza kitu. Aliyekuwa "sindano" sasa aliitwa "mama". "Sasa umekuwa mutu," njo maneno waliyomwambia, na mi nayakumbuka juu yanajibu swali lililo katika kichwa cha maandishi haya. Mbele ya mashavu alikuwa nini, basi? Nafasi ya bibi-arusi ilikuwa na kipimo chake, na yeye aliambiwa akijaze, sawa vile nyuma ya Emoro walitafuta mutu wa urefu ule. Tofauti ni kwamba Emoro hakuhitaji kumeza kitu ili apewe kazi.

Mwezi wa ine barabara ilifungwa, dawa zikakosekana kwenye farmasi ile, na yeye akafurahi kidogo juu alikuwa amechoka nazo. Siku ya tatu alianza kutapika. Siku ya ine alianguka akitoka kuoga. Munganga aliyemupokea ni mutu mutulivu, aliuliza swali moja tu: "Dada, kuna kinini ulikuwa unameza za kunenepa?" Aliuliza kama mutu anayeuliza jina. Nikaelewa kwamba anaiuliza kila juma. Ilibidi arudishiwe dawa ile ile, halafu ipunguzwe kidogo kidogo, kwa majuma mengi, hadi mwili ukumbuke kazi yake.

Kuna rafiki yangu, muhitimu kama sisi, alisoma maneno haya mbele hayajatoka, akaniambia kwamba nimechanganya mambo mawili, burudani na afya. Ati Kallé na Emoro walikuwa michezo, mdogo wangu ni hospitali. Simukubalii. Onyesho ni mahali ambapo watu wanafundishwa nini cha kuangalia kwanza. Wakizoea kwamba mwili ukitokea ndio habari yote imekwisha, wataenda na macho hayo kwenye posa, kwenye taxi, kwenye kilio. Na simulaumu Kallé ya kuwa alikuwa munene, wala Emoro ya kuwa alikubali kazi. Namulaumu mutazamaji aliyecheka mbele ya hatua ya kwanza, na yule mutazamaji hayuko Kinshasa ya 1988. Anakaa karibu na mimi kwenye sherehe, anashika kiwiko changu kwa vidole viwili.

Kuna njia moja nimejaribu ya kumutazama Emoro, na nawaachia wanaoitaka. Uweke video bila sauti, ufunike upande wa Tembo kwa mukono. Ubaki na yule muchezaji peke yake. Pasipo mukubwa wa kupimwa naye, ufupi wake unapungua maana, na kinachobaki ni mutu anayecheza: anajua wapi gitare itageuka ijapokuwa wewe huisikii, anaingia mbele yake kidogo, anangoja, anavunja. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nilitoa mukono kwenye skrini na kurudisha sauti ili nione kama yuko sawa na ngoma. Alikuwa sawa.

Ndoa ya mdogo wangu ilifanyika, nyuma ya miezi sita ya kungoja. Fundi alipunguza nguo mara mbili. Shangazi alikuja, akakaa mbele, na wakati wa salamu akamushika mukono pale juu ya kiwiko. Mdogo wangu akamuacha apime, akamwambia: "Shangazi, kilo zangu ni 51, munganga ameziandika. Za kwako?" Meza nzima ilicheka, na shangazi naye, juu ni adabu kucheka.